Kyerwa Inaomba Kiti kwenye Kamisheni ya Jodari

Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa,
Mkoa wa Kagera, Tanzania.

Kwa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC),
Victoria, Mahé, Shelisheli.

YAH: MAOMBI YA UANACHAMA, WILAYA ZA KARAGWE NA KYERWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi huku ni wazima, migomba imesimama, kahawa inaanza kuiva, hofu ni kwenu mnaoishi jirani na maji ya chumvi.

Tunajua swali lenu la kwanza litakuwa: Kyerwa ina bahari? Haina. Tuna Mto Kagera unaotutenga na Rwanda na Uganda, tuna vijiziwa na vinamasi vya kambare, basi. Jodari akifika mjini Kayanga amefika ndani ya kopo, na wengi wetu humtazama tu rafuni kisha tukanunua dagaa. Ila kabla ya kushika kalamu tulipitia orodha ya wanachama wenu, tukaona kwamba bahari si sharti.

Umoja wa Ulaya ni mwanachama. Ndani yake imo Austria, imo Hungary, imo Slovakia, nchi ambazo mtu akitaka kuonja maji ya chumvi lazima apite kwa jirani. Ufaransa imo ndani ya Umoja huo, halafu imekalia kiti cha pili peke yake kwa ajili ya visiwa vyake vidogo ambavyo havina mkazi wa kudumu. Uingereza ilikaa humo miaka mingi kwa jina la visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake iliwahamisha wote kati ya miaka ya 1960 na 1970. Kwa hiyo kisiwa kisicho na watu kina kura ya jodari. Kyerwa yenye watu mpaka ardhi ya kugombania mirathi imekwisha, haina.

Kama ni umbali, hapo ndipo tulipopata moyo zaidi. Kutoka hapa hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,000 hivi. Kutoka Madrid ni zaidi ya 6,000. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tumechoka kutokuwepo.

Kuna na hoja ya maji. Mwaka 1861 alikuja kwetu Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, akakaribishwa na Mukama Rumanyika wa Karagwe pale Bweranyange. Alikuwa anatafuta maji ya Nile yanatokea wapi. Katika kusubiri, alitoa utepe akampima shemeji yake mfalme mkono, kifua na paja, kisha akayachapisha vipimo hivyo kitabuni. Karagwe tulianza kupimwa zamani, waheshimiwa. Na jibu la utafiti wake ni kwamba maji yetu yanaingia Ziwa Victoria, yanashika Nile, yanamwagika Mediterania. Hayakanyagi Bahari ya Hindi hata kidogo. Basi kama Ulaya inaweza kusimamia samaki wa bahari ambayo maji yake hayaifikii, tunaomba mtuunganishe pia na wenzenu wa kamisheni ya jodari wa Atlantiki, ofisi zao zipo Madrid. Mediterania ipo chini yao, na sisi tunaichangia maji kila siku bila risiti.

Sasa tuzungumze kuhusu Mombasa.

Februari 2023 mlikutana pale kwa kikao maalumu. Ajenda ilikuwa maboya ya kuvutia samaki. Kwa faida ya jirani zangu watakaosomewa barua hii: samaki wa bahari kuu hupenda kukusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea. Meli kubwa za nyavu za kuzingira zimelijua hilo, zinatupa baharini vichanja vyenye mikia ya nyavu na kamba, juu yake kifaa cha setilaiti kinachomwambia nahodha kichanja kiko wapi na chini yake kuna samaki kiasi gani. Kwa kanuni yenu ya 2019 meli moja iliruhusiwa kuwa na maboya 300 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Meli inachagua lenye neema, inazungusha wavu, inazoa. Anayezolewa ni sehewa, jamaa yake jodari, na pamoja naye watoto wa jodari wa mapezi ya njano ambao hawajawahi kutaga. Boya likipotea, linakwenda kukwama kwenye matumbawe ya mtu mwingine.

Jodari huyo wa mapezi ya njano, wataalamu wenu wenyewe walikwisha kusema tangu 2015 kwamba anavuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 imeleta habari njema zaidi, tumefurahi. Lakini mwaka 2023 hamkuwa na habari hiyo, mlikuwa na ile ya msiba. Sehewa naye mlimwekea kikomo cha tani 470,000 hivi kwa mwaka. Mwaka 2018, wa kwanza wa kikomo hicho, zikavuliwa zaidi ya 600,000. Kwetu mtu akipewa debe moja la mbegu akarudi nyumbani na debe na robo, kuna kikao cha kijiji.

Basi pale Mombasa nchi za pwani zikaleta azimio: maboya yapumzishwe siku 72 kwa mwaka. Kenya, iliyoianzisha hoja, ikajitoa kabla ya kikao ambacho kilifanyika nyumbani kwake, Indonesia ikaubeba mzigo. Kura zikapigwa, azimio likapita. Watu wakapeana mikono. Kisha wenye meli wakafungua mkataba wenu kwenye Ibara ya IX, pale panaposema mwanachama asiyependezwa na uamuzi ana siku 120 za kuupinga, na akiupinga haumhusu. Umoja wa Ulaya ukapinga, ukasema hakuna ushahidi wa kisayansi wa kutosha kwa katazo hilo. Wengine nao wakapinga. Wapinzani walipozidi theluthi ya wanachama, azimio likafa hata kwa wale waliolipenda.

Waheshimiwa, ibara hii ndiyo hasa tunayoitaka. Uanachama tunaouomba ni kwa ajili yake.

Mwaka 2024 serikali yetu na majirani walifunga Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, waheshimiwa, si siku 72. Mvuvi wa Kigoma mwenye mtumbwi, karabai na mkopo wa benki ya kijiji aliambiwa apaki, akapaki. Hakuna aliyemletea fomu ya siku 120. Hakuna aliyemuuliza kama ushahidi wa kisayansi umemridhisha. Angeuliza yeye, angejibiwa na askari wa doria. Na samaki kweli wanahitaji kupumzika, hilo hatulipingi. Tunachoshangaa ni kwamba sayansi inamtosha mwenye mtumbwi lakini haimtoshi mwenye meli yenye majokofu.

Kyerwa nasi tungeitumia ibara hiyo vizuri. Serikali inakataza butura, ile biashara ya kumnunulia mkulima kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya maua. Wanunuzi wa butura tungewashauri wapeleke pingamizi ndani ya siku 120, kisha waendelee kununua. Vijana wanaovusha magunia Mto Kagera usiku kwenda Uganda upande wa Murongo wasingehitaji tena kukimbizana na mgambo. Wangesema tu kwamba katazo la magendo halijawashawishi kisayansi. Na mimi mwenyewe ningepinga michango ya mwenge.

Mnatuuliza tuna uzoefu gani wa uvuvi endelevu. Tunao, na wenu haufiki. Juni 2018, wakati wa ukali wa Waziri Luhaga Mpina, maofisa wa uvuvi waliingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge pale Dodoma, wakapima sato waliokwisha kupikwa. Sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi, hata akiwa na ndimu pembeni. Mgahawa ukapigwa faini. Mwaka huohuo nyavu za wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria ziliteketezwa moto. Tunaombeni mumkaribishe ofisa mmoja tu wa aina hiyo, mmpe rula yake, mmsimamishe kwenye sitaha pale boya linapozungushiwa wavu. Msimpe kitu kingine. Apime.

Uzoefu wa kukamata meli pia tunao. Machi 2009 ilikamatwa kwenye maji yetu meli Tawariq 1 ikiwa na tani 296 hivi za samaki, wengi wao jodari. Waziri aliyeivalia njuga, hayati John Magufuli, alikuwa mtu wa Chato, na Chato wakati ule ilikuwa Kagera hii hii. Samaki wakagawiwa, watu wakawaita samaki wa Magufuli. Kesi ikazunguka mahakamani mpaka 2014 washtakiwa walipoachiwa. Ushahidi mwingi ulikuwa umeshaliwa.

Sasa nembo. Hapa naomba nisizuiwe, maana kwa nembo sisi ni watu wa siku nyingi. Kahawa ya Karagwe imeuzwa kwa nembo ya biashara ya haki miaka mingi. Mkaguzi wa nembo akija shambani anaangalia kivuli cha miti, anauliza watoto wanasoma wapi, anafungua stoo ya dawa, anakwenda hadi chooni. Na mwaka 2023, mwaka uleule Umoja wa Ulaya ulipolikataa azimio la Mombasa, ulipitisha sheria inayotaka kila shamba la kahawa itakayouzwa kwao lijulikane kwa vipimo vya setilaiti, ili isije ikawa imetoka kwenye msitu uliokatwa. Utekelezaji umeahirishwa, lakini vijana wenye simu za kupimia wamekwisha kupita. Mti wangu wa kahawa hautembei. Ulipandwa na babu, upo palepale, na Brussels inataka kujua upo wapi. Boya linatembea kutoka Shelisheli hadi Somalia na pwani yetu, na lilipo anajua mwenye meli. Azimio lililokufa lilitaka pia hayo maboya yasajiliwe na kufuatiliwa.

Mwaka 2009 hata sangara wa Bukoba alipata nembo, ile ya Naturland ya Ujerumani. Tulifurahi sana. Minofu ikapanda ndege na nembo yake. Mapanki yakabaki, nayo hayana nembo, tukayakaanga hivyohivyo.

Kwa jodari kuna ile nembo ya samaki wa rangi ya buluu, ya MSC, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na WWF pamoja na Unilever. Wavuvi wa Maldivi waliipata 2012 kwa sehewa wanaovuliwa kwa fimbo na ndoana, mmoja mmoja, mkono wa mtu unauma jioni. Mwaka 2018 ikapewa pia kampuni ya Kihispania ya Echebastar yenye meli za nyavu za kuzingira, licha ya pingamizi. Mwenye ndoana na mwenye wavu wa kuzingira wakakaa kwenye rafu moja na samaki mmoja wa buluu. Mama anayenunua kopo Kayanga atawatofautishaje? Anageuza kopo, anaona samaki anatabasamu, anarudisha rafuni kwa sababu ya bei. Huyo ndiye mnunuzi makini kuliko wote, na hakuna anayemhesabu.

Naacha mzaha kidogo. Mnaweza kudhani mtu wa Kyerwa anaongelea samaki kwa kusikia. Mto Kagera ulikuwa na ningu. Mvua zikianza ningu walikuwa wakitoka ziwani kupanda mto kwenda kutaga, makundi kwa makundi, na watu wa kandokando ya mto walikuwa wakila mpaka wanakausha. Ilipofika zama za nyavu za makila, watu wakajua ningu atapita wapi na lini, wakazitandaza mdomoni mwa mto. Hukuhitaji kumtafuta samaki, yeye ndiye aliyekuja. Kila aliyetega aliona wavu wake mmoja hauna madhara, na huenda kweli mmoja haukuwa nayo. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wanaandika jinsi alivyoporomoka. Leo mtoto wa Kyerwa ukimtajia ningu anadhani unamtania. Ninyi mmekuwa hodari zaidi: ningu alikuwa na mto wake wa kuzaliana, jodari mnamtengenezea mdomo wa mto popote mnapotaka, na setilaiti juu yake.

Mwaka 2024 mlikubaliana kuyapunguza maboya kidogokidogo miaka ijayo. Tumelisoma hilo na tunalipokea. Sisi tulitegemea kusikia nani atakuwa anayahesabu.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kiti kimoja, hata kama ni cha plastiki. Haki kamili ya Ibara ya IX. Ada tutalipa kwa kahawa, ndizi na, ikiwa kikao kitaangukia Novemba, senene, ambao kwao hatujawahi kuhitaji boya zaidi ya taa na pipa. Mjumbe wetu atapiga kura kufuatana na upepo kama wengine, ila siku 72 zikirudi mezani atanyoosha mkono na hataushusha ndani ya siku 120.

Kama maombi haya yatakataliwa, tafadhali pokeeni barua hii kama notisi rasmi ya pingamizi. Kwa mujibu wa kanuni zenu wenyewe, uamuzi huo hautatuhusu.

Wenu katika ujirani wa maji,

Mkulima wa kahawa na migomba,
Nkwenda, Kyerwa.

Nakala:
Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, Fumba, Zanzibar (kwa hatua)
Umoja wa Ulaya, Brussels (vipimo vya setilaiti vya shamba langu mnavyo)
Wavuvi wa Ziwa Tanganyika, Kigoma (kwa taarifa tu, hawana haki ya kupinga)