Yah: Maombi ya Kibali cha Kuketi Kando ya Ziwa

Kwa Ofisi Inayohusika,
Musoma, Mkoa wa Mara.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mji huu uliozungukwa na Ziwa Victoria pande tatu, mwenye akili timamu. Naomba kibali cha kuketi kando ya maji hayo kwa saa moja, Jumapili jioni, bila kununua kitu. Sitavua. Sitafua. Sitaosha bodaboda. Kuogelea ndiyo kabisa, maana kichocho nakifahamu. Nitatazama tu.

Uniwie radhi kwa kutotaja jina la ofisi. Kila nilipouliza nilielekezwa kwenye nyingine inayohusika zaidi.

Kwa sasa, ada ya kuliona ziwa ni soda. Unafika getini, mlinzi anakuuliza umekuja kumwona nani, unamjibu ziwa, anakuonyesha meza. Nimejifunza kuigusisha midomo tu hiyo soda, jicho moja likimfuata mnandi anayekausha mabawa juu ya jiwe, jingine likimfuata mhudumu anayeitamani chupa yangu. Chupa ikiondoka, ama niongeze, ama nami niondoke. Mwenye watoto wanne hulilipia ziwa mara tano, na watoto, kama unavyowajua, humaliza soda kabla hawajaona hata wimbi moja.

Naifahamu pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sina nia ya kuivunja. Kuketi kwangu si kwa kudumu, hata nikisinzia. Wala sitaki kuwasema vibaya wenye kuta zilizoshuka hadi majini. Bila shaka zimejengwa kwa zege la muda. Tena nani ajuaye mita hizo zinaanzia wapi? Mei 2020 ziwa lilipanda likaipita rekodi ya 1964, likaingia kwenye nyumba na hoteli za watu bila kibali chochote. Sijasikia kama liliandikiwa notisi.

Mjini Udon Thani, Thailand, kuna bwawa liitwalo Nong Prajak. Wenzetu wamelizungushia miti na njia za kutembea, na juu ya maji wameweka bata wakubwa wa njano, wa bandia. Watu hufika jioni, hukimbia, hukaa, hurudi makwao. Lile ni bwawa, Mheshimiwa! Sisi tuna ziwa la kilomita za mraba 68,800 hivi; hata tukishagawana na Uganda na Kenya, linatutosha, na ndege wetu wa kweli hawahitaji bajeti. Kilichopungua ni benchi.

Ndugu zetu wa Bunda wana nafuu. Wakitaka kumwona nyumbu, geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko palepale barabara ya Mwanza, na kiingilio kinajulikana. Nyumbu ana bei yake rasmi. Ziwa bei yake anaipanga mhudumu.

Mjomba wangu wa Butiama ndiye aliyenitia aibu. Kule hakuna ziwa, ila mtu akichoka hukaa juu ya jiwe chini ya mti, na hakuna anayemuuliza anaagiza nini. Mwalimu Nyerere aliporudi kijijini kwake hapo alipanda miti, hakuweka mlinzi wa kivuli. Mjomba alikuja kuniona, akaliulizia ziwa, nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Nakumbusha tu kwamba mji huu una azimio lake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliketi hapa Musoma ikaazimia watoto wote wa nchi waende shule ya msingi, na mwaka 1977 ukafanywa mwaka wa utekelezaji. Nchi nzima, kwa miaka mitatu. Mimi naomba mabenchi sita na kivuli, wala sijaweka tarehe.

Kama haya yote yatashindikana, basi naomba itangazwe bei elekezi ya soda ya kutazamia ziwa, kama ilivyowahi kutangazwa ya sukari, na ielezwe chupa moja ni halali kwa dakika ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji.

Nakala: Mlinzi wa getini, kwa taarifa.