Sanduku Juu ya Mwembe

Mama ana sanduku moja tu la bati, la samawati, lenye maua mekundu yaliyochorwa kwa mkono kwenye kifuniko. Alikuja nalo Ndera, kwetu kando ya mto Tana, siku aliyoolewa. Novemba 2023 vitu vilivyokuwemo vilipangwa hivi, na mpangilio ulikuwa wake mwenyewe: juu kabisa msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe, chini yake jozi tatu za leso ambazo hazijavaliwa, akiba ya harusi ya dada yangu, kisha bahasha ya kaki yenye karatasi zangu, na chini kabisa kilo mbili za misumari ya kuezekea, iliyonunuliwa kabla ya mabati kwa sababu pesa zilitosha misumari tu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na pasipoti, vyeti vya shule, shahada yangu ya kwanza kutoka Nairobi, barua ya chuo kikuu cha Halle, Ujerumani, kilichonikubali kusoma falsafa, na barua ya ufadhili. Miadi yangu ubalozini ilikuwa imebaki siku 11.

Nyumbani kwetu neno falsafa halikuingia kwa urahisi. Bibi, mamake baba, aliniuliza jioni moja akichambua mchele: ukimaliza, utatibu watu, utajenga madaraja, ama utahukumu kesi? Nikamwambia nitasoma jinsi watu wanavyopima lililo kweli na lililo haki. Akanyamaza kidogo, akasema basi hiyo ni kazi ya Gasa, akimaanisha baraza la wazee wa Kipokomo, na wazee hao hawakupanda ndege. Ami, ambaye anafundisha madrasa, alikuwa na hofu nyingine. Alijua kwamba Ghazali aliandika kitabu kizima cha kuwapinga wanafalsafa. Nami nikamkumbusha kwamba Ibn Rushd alimjibu kwa kitabu kizima vilevile. Tulibishana siku tatu mfululizo baada ya Isha, na sijapata mwalimu aliyenibana kuliko yeye.

Maji ya Tana hayaji kwa kishindo. Mvua hunyesha mbali, Mlima Kenya na Nyandarua. Mabwawa ya juu yakishajaa, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayozidi hushuka taratibu kupitia nyika. Huenda kwetu mbingu ni nyeupe na nyota zimejaa, na mto unapanda. Bibi husema sisi hunyeshewa na mvua ya watu wengine. Mwaka ule wa El Nino ilinyesha kotekote, juu na chini, na redio ilikuwa imetuonya. Baba alipanda vijiti vitatu ukingoni kupima maji. Siku ya pili viwili vilikuwa vimezama.

Bibi tulimtanguliza mapema, alasiri, pamoja na mtoto mchanga wa dada yangu, wakapelekwa kwenye tuta la juu walikokimbilia majirani. Alikwenda na mkeka, tasbihi, na leso yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba ufunguo wa sanduku ulikuwa umefundikwa kwenye pembe ya leso hiyo, mahali ulipokaa miaka yote.

Usiku maji yaliingia jikoni. Nilikuwa nimeshika tochi ya simu, nikaona tundu la panya karibu na mafiga linatoa maji kama chemchemi ndogo, kimya kabisa. Jivu likainuka, likaelea, likaanza kuzunguka juu ya maji pamoja na kipande cha kaa kilichokuwa bado chekundu. Kikazimika kwa sauti moja tu: tss. Mama alikuwa amesimama mlangoni akiangalia jambo hilo hilo. Hapo ndipo akasema, "Sanduku."

Hatukuweza kulifungua, na kuvunja kufuli mama hakutaka hata kusikia. Ikabidi libebwe zima, na misumari yake. Baba na mimi tukalitia kwenye mtumbwi juu ya magunia mawili ya mpunga. Mama na ndugu zangu wakatangulia kwa mguu kupitia njia ya shamba, maji yakiwa magotini. Baba alishika upondo. Tulipofika penye migomba, mkondo ulitupiga ubavuni, mtumbwi ukalala, na kila kitu kikaingia majini, sisi pamoja nacho.

Simu ilizama. Giza lilikuwa zito hata sikuona mkono wangu. Miguu yangu haikugusa chini. Nilisikia baba akiita, nikaitika, nikasikia tena kishindo cha bati likigonga mti.

Misumari ndiyo iliyoliokoa sanduku. Ilikaa chini kama farumi ya jahazi, kwa hiyo sanduku halikupinduka. Lilielea wima, likavuja polepole, likasukumwa na maji mpaka kwenye mwembe wa boribo aliopanda babu. Baba alilifikia kabla yangu. Tulilipandisha kwenye panda la mti, tukalifunga kwa kamba ya mtumbwi, nasi tukakaa kando yake mpaka kukapambazuka. Juu yetu kulikuwa na kuku wanne na nyoka mmoja ambaye hakutujali. Ng'ambo ya maji tulimsikia mtoto akilia, kisha bibi akimbembeleza kwa wimbo wa Kipokomo, ule ambao sauti yake ilichukuliwa mwaka 1963 ikawa wimbo wa taifa. Baba akasema, "Wamefika wote." Hakusema neno jingine usiku ule.

Asubuhi sanduku lilishushwa mbele ya bibi. Akafundua pembe ya leso, akampa mama ufunguo. Msahafu ulikuwa mkavu. Ami aliuchukua kwa mikono miwili, akautia kifuani, akageuka upande tusimwone uso. Leso zilikuwa mbichi nusu. Bahasha yangu ilikuwa imekuwa rojo.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu kama mama siku ile. Alikoka moto wa mabua, akabandika sufuria ya maji. Akatandika leso mpya moja juu ya mkeka, akalaza karatasi moja, akaifunika kwa leso ya pili, kisha akapitisha juu yake tako la sufuria ya moto, mara moja, bila kukandamiza, kama anayempangusa mtoto mgonjwa. Akafunua, akatazama, akarudia. Karatasi moja ilimchukua karibu nusu saa. Wino wa mihuri ulihamia kwenye leso: mapande ya zambarau katikati ya maua ya manjano. Dada yangu alikuwa amekaa pale pale akimnyonyesha mtoto, akiona akiba ya harusi yake inavyochafuka jozi baada ya jozi. Nilimwambia samahani. Akanijibu, "Wewe shikilia hiyo pembe isikunjike."

Siku ya saba niliondoka kwa mtumbwi, nikapanda trekta, kisha basi. Ubalozini afisa alifungua pasipoti ambayo kurasa zake zilikuwa zimejikunja kama majani ya tumbaku, akaniuliza imepatwa na nini. Nikamjibu, mto. Akauliza mto gani. Nikamweleza. Viza ilitoka.

Kabla ya kusafiri, mama alinipa ufunguo nitoe vitu vyangu vya mwisho. Kwa haraka za asubuhi ile niliutia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Halle ni mji ulio kando ya mto Saale. Wiki ya kwanza nilitafuta mahali pa kumbukumbu ya mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa pande za Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1727 akaandikishwa kwenye chuo hiki nilichokuja kusoma mimi. Miaka miwili baadaye alitetea hoja juu ya haki za Waafrika walioko Ulaya. Maandishi yake hayo yamepotea. Mwaka 1734, huko Wittenberg, alitoa tasnifu kwamba roho ya binadamu yenyewe haihisi; kuhisi ni kwa mwili. Karibu na jengo kuu la chuo pana sanamu ya mwanamume na mwanamke wa Kiafrika, iliyosimamishwa mwaka 1965. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Tasnifu ya 1734 ilihifadhiwa na ile ya 1729 haikuhifadhiwa, na najua sasa kwamba karatasi haijihifadhi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuiokoa na leso zake.

Kwenye semina moja tulisoma mfano wa Ibn Sina: mtu aliyeumbwa mzima, ananing'inia hewani, haoni, haguswi na chochote, hata viungo vyake havigusani. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina anasema atajua. Nilinyoosha mkono. Nikasema kwamba mimi nimekuwa karibu na hali hiyo, usiku, kwenye maji ya Tana, na jambo la kwanza nililolijua si kwamba mimi nipo, bali kwamba baba ananiita. Mwalimu aliniomba niliandike. Ninaliandika mpaka leo, na kila nikikwama namwona Ami akiniuliza: huyo mtu wa Ibn Sina, nani alimfundisha kusema "mimi"?

Ndiyo maana namrudia sana Odera Oruka, Mkenya aliyesomea falsafa Uppsala, Uswidi, kisha akarudi akatembea vijijini kuwahoji wazee: si kuwauliza mila inasemaje, ila wao wenyewe wanafikirije na kwa nini. Kitabu chake cha mwaka 1990 nimekiwekea alama pale penye mahojiano. Alifariki mwaka 1995. Angemkuta bibi yangu, angekaa mkekani siku nzima.

Mwisho wa Aprili 2024 mama alinipigia. Mvua za masika zilikuwa zimeujaza mto tena, mara ya pili ndani ya miezi sita. Safari hii walihama kukiwa bado mchana na sanduku lilikuwa la kwanza kupanda tuta. Lakini waliokuwa wakiandikisha wakongwe kwa ajili ya msaada walitaka kitambulisho cha bibi, nacho kilikuwa ndani. "Ufunguo uko wapi, mwanangu?"

Nilitia mkono kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Ulikuwepo.

Sikulala. Baba alitaka kuvunja kufuli kwa shoka. Nilisikia simuni jinsi mama alivyolikalia sanduku, akasema halikuvunjwa na mto halitavunjwa na mumewe. Nikawaza kuutuma kwa posta, nikawaza wasafiri walioko Berlin, nikawaza fundi wa mjini Hola ambaye barabara ya kwenda kwake ilikuwa imekatika. Kila nililowaza lilizunguka ufunguo ule.

Alfajiri Ami alinipigia. Alikuwa ametoka kuswali, akaliangalia sanduku kwa upande wa nyuma, penye bawaba. Aliomba msumari mmoja, ule uliokuwa umeshikilia turubali, na jiwe. Akavisukuma nje vijiti vya bawaba kimoja kimoja, akainua kifuniko kwa nyuma, akatoa msahafu kwanza, kisha kitambulisho. Akavirudisha vijiti mahali pake. Kufuli halikuguswa, na bado limefungwa. Mama ameagiza libaki hivyo hivyo mpaka nirudi na ufunguo. Kwa sasa sanduku linafunguliwa kwa nyuma, na ni Ami peke yake mwenye ruhusa.