Semina ya Kushika Ufagio

Rais John Magufuli alipofuta gwaride la Sikukuu ya Uhuru la tarehe 9 Desemba 2015 na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, ilidhihirika nchini Tanzania kwamba ufagio hauhitaji itifaki. Hata hivyo, katika baadhi ya vyuo, msaragambo, yaani kazi ya kujitolea inayofanywa na jamii kwa pamoja, hutanguliwa na semina elekezi, ambayo ni mkutano wa kuwaandaa wanafunzi watakaoongoza vikundi, na ambamo mada ya uongozi bora huchukua saa nzima ilhali suala la nani ataleta reki na makoleo huahirishwa hadi kwenye mengineyo. Kiongozi huhitimu akiwa na fulana, kitambulisho cha shingoni na kipaza sauti, vifaa vitatu vinavyomwezesha kushughulikia kila kitu isipokuwa taka. Siku yenyewe ikiwadia, wanafunzi 40 hugombea fagio mbili, mgeni rasmi hufagia hatua tatu mbele ya kamera, na mtaro hubaki umeziba vilevile. Kiongozi aliyeandaliwa vyema ni yule anayehesabu makoleo kabla ya kuhesabu fulana.