Sifa za Bildi Iliyofeli

Mikumi haikosi watu wa kuisifu. Tembo wake wana wapiga picha, twiga wake huchungulia mabasi ya Iringa na Mbeya yanayokatiza hifadhini, na hifadhi yenyewe inalindwa tangu 1964. Kilosa nayo sasa ina mahandaki ya treni ya umeme, na sijakutana na abiria aliyepita humo akanyamaza. Acha basi na mimi nimsifu asiye na msemaji: bildi iliyofeli.

Kwa asiyeijua, mambo yako hivi. Programu huria huja pamoja na msimbo wake, maandishi ambayo yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyabadili. Fundi aliyeketi Mikumi mjini na laptopu ya mtumba anaushusha msimbo ulioandikwa na mtu wa Berlin, anaiamuru kompyuta iugeuze kuwa programu, halafu anaendesha majaribio, yaani maswali madogo madogo ambayo majibu yake yanajulikana. Shughuli hiyo nzima ndiyo bildi. Ikifaulu, inatokea alama ya kijani na hakuna la kusimulia. Ikifeli, maandishi mekundu yanamwagika kwa mamia ya mistari, na ule mmoja wenye maana ulishapita zamani, uko juu huko, wakati fundi anahangaika na wa mwisho.

Nianze na adabu yake. Bildi iliyofeli haimsengenyi mtu. Inamwambia usoni, kwa jina la faili na namba ya mstari. Nitajie ofisi moja inayokurudishia fomu yako ikakuonyesha mstari ulioikwamisha!

Ila adabu ni kitu kidogo. Ukubwa wake utauelewa ukienda stesheni ya Kilosa. Reli ya kati inayopita pale ina upana wa milimita 1000. Reli ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma kupitia Kilosa Julai 2024, ina milimita 1435. Kisha kuna tawi la zamani linaloanzia Kilosa, likapita Mikumi, likaenda kukutana na reli ya TAZARA kule Kidatu, na TAZARA ina milimita 1067. Tofauti ya hapo Kidatu ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, na kwa ajili yake behewa la reli moja haliwezi kuendelea kwenye nyingine. Mzigo hauna budi kuhamishwa. Hakuna mhandisi aliyekosea. Kila mmoja alipima vizuri kabisa, kwa kipimo cha kwao.

Kompyuta nazo zimegawana hivyo hivyo, hata kwenye jambo dogo kama kumaliza mstari. Mfumo wa Linux huweka alama moja isiyoonekana. Windows huweka mbili. Macintosh za zamani, kabla ya Mac OS X, ziliweka ile ambayo Linux haiitumii. Sasa mtu anaandika skripti kwenye Windows, anaipeleka kwenye seva ya Linux, anaiendesha, anajibiwa kwamba faili halipo. Halipo vipi? Analiorodhesha, hili hapa. Analifungua, hili hapa. Anaandika njia yake upya herufi kwa herufi, jibu ni lile lile. Faili lake kweli lipo. Lisilopo ni programu iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu jina lake limebeba mkiani ile alama ya ziada ya Windows, na Linux inatafuta kwa uaminifu kitu chenye mkia ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza. Macho hayaoni. Bildi imeona.

Majina ya mafaili nayo yana vituko vyake. Kwa Linux, Kilosa kwa K kubwa na kilosa kwa k ndogo ni mafaili mawili. Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. Na usijaribu kuliita faili aux kwenye Windows: jina hilo lilitengwa tangu enzi za DOS kwa ajili ya vifaa, na mpaka leo lina miiko kuliko kaburi la chifu.

Ninayoipenda kuliko zote ni hitilafu ya usiku. Mwandishi anaishi Uingereza, na majira ya baridi saa yake ya ukutani ni ile ile ya dunia, UTC. Anaandika jaribio linalodai kwamba tarehe ya leo kwenye kompyuta ni sawa na tarehe ya leo kwa UTC. Kwake ni kijani mchana na usiku. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku Kilosa imeshaingia siku mpya wakati UTC bado iko jana, na jaribio linaanguka. Saa nane mchana linapita bila shida. Nani basi atalikuta limeanguka? Aliyenunua bando la usiku kwa sababu la mchana ni ghali. Hitilafu hii haiwatokei wenye nafasi, imechagua kumtembelea anayebildi wakati mji umelala, na yeye ndiye atakayemwamsha yule wa Uingereza kwa ripoti yenye kichwa kisichoaminika: "Jaribio hufeli usiku tu."

Ripoti ya namna hiyo hujibiwa kwa maneno ambayo kila fundi anayafahamu: mbona kwangu inafanya kazi? Ni kweli, kwake inafanya kazi. Aliandika akidhani kila meza ni kama meza yake, na wala hakujua kwamba amedhani. Hakuna mwalimu wala mhariri ambaye angemwonyesha, kwa sababu nao wamekaa kwenye meza hiyo hiyo. Ilibidi ipatikane kompyuta nyingine, yenye mfumo mwingine na saa nyingine, ikatae.

Wapo wanaoichukia bildi iliyofeli kiasi cha kuiziba mdomo. Wanaandika "ruka jaribio hili kwenye Windows" na kwenda zao nyumbani. Hao niwakumbushe kisa cha Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya memori, aliyokuwa ameyaona wiki kadhaa kabla kwenye majaribio yake. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, na tarehe 29 akautangazia ulimwengu. Aliyeupachika alikuwa ameuficha kwenye mafaili ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayepekua. Toleo la 5.6.0 liliifanya Valgrind ipige kelele, 5.6.1 likatoka haraka likiwa na marekebisho ya kuinyamazisha. Mwizi alijua vizuri ni nani wa kumwogopa.

Na bado bildi iliyofeli ina kazi mbele. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 katika nafasi ya biti 32, nayo nafasi hiyo itajaa Jumanne ya 19 Januari 2038, Kilosa ikiwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Baada ya hapo, kompyuta ambazo hazijarekebishwa zitajiona ziko 1901. Debian, mojawapo ya familia kubwa za Linux, ilianza 2024 kuhamishia biti 64 vifurushi vya kompyuta zake za ARM za biti 32, na bildi zikafeli kwa wingi, zikarekebishwa moja baada ya nyingine. Fundi wetu wa Mikumi hana haja ya kusubiri. Anaweza kuisogeza saa ya laptopu yake hadi 2038 usiku huu huu, akaendesha majaribio. Ikitoka nyekundu, aandike ripoti: mfumo gani, toleo gani, mstari upi. Asiweke tu neno "haraka" kwenye kichwa cha ripoti, maana mwandishi atatazama kalenda yake, aone bado miaka, aifunge.