Mlango wa Reli na Mambo ya Chini

Mlango wa reli haufunguki kwa bawaba. Huenda kando, ukiambaa ukuta. Mjini Goma unapendwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Katika parseli zilizobanana, mlango wa bawaba wenye upana wa mita 4 hula nusu ya ua ukifungukia ndani, na ukifungukia nje humdai mpita njia pua yake. Ndiyo maana depo, karakana za maseremala na nyumba zenye kuta za mawe meusi huuchagua huu unaoteleza. Sehemu yake ya juu hushughulikiwa na fundi. Ya chini huachiwa Mungu.

Aina ni mbili. Ya kwanza huning'inia: magurudumu hupita kwenye reli ya juu na kubeba uzito wote, na chini hubaki kazi moja tu, kuuzuia mlango usicheze ndani na nje. Ya pili hutembea chini: magurudumu yenye mfereji hupita juu ya chuma cha pembe kilichopinduliwa mgongo juu, na sehemu ya juu huelekezwa tu ili mlango usianguke. Ya kwanza isiposhikwa, hupepea. Ya pili isiposafishwa, hugoma.

Mlango wa mabati unaoning'inia bila kushikwa chini ni tanga lisilo na nahodha. Upepo unaotangulia mvua kutoka Ziwa Kivu huuinua, huupiga ukutani na kuurudisha ulikotoka. Mwenye nyumba hukesha, jirani hukesha, na mbwa wa mtaa mzima hutoa maoni.

Tiba ya kwanza huwa jiwe, kwa kuwa mjini Goma jiwe halikosekani. Lakini lava iliyoganda huwa na vitundu vingi vilivyoachwa na gesi, hivyo jiwe lake mara nyingi ni jepesi kuliko sura yake; mlango hulisukuma na kuhama nalo. Likitafutwa kubwa zaidi, mlango hutulia, na taabu huhamia kwa wageni wanaojikwaa gizani.

Tiba ya pili ni kuchimba shimo la komeo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na nyumba nyingi zilijengwa upya juu ya mwamba huo. Shimo la sentimita 10 huanza asubuhi kwa tindo na nyundo. Ifikapo saa nne, cheche zimezidi vumbi, na fundi hugundua kwamba sentimita 6 zinatosha. Karibu na chakula cha mchana, zinatosha 3. "Haina shida, papa," humwambia mwenye nyumba, kisha hufunika ushahidi kwa saruji. Komeo la sentimita 3 humzuia anayesukuma kwa adabu. Anayesukuma kwa nguvu hupita.

Njia iliyo bora haimlazimishi mtu kugombana na mwamba. Kwa mlango unaoning'inia, kipande cha chuma chenye umbo la L hufungwa kwenye ukuta, kikiwa na vigurudumu vinavyobana ukingo wa chini wa mlango pande zote mbili. Mahali pake ni pembeni mwa uwazi, pale ambapo mlango haupaachi kamwe, uwe umefungwa au umefunguliwa. Kikiwekwa katikati ya njia, mchana hukutana na vidole vya miguu, na jioni hukutana na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lililosheheni magunia ya makaa. Chukudu ndilo hushinda.

Mlango unaotembea chini una adui mdogo zaidi: changarawe nyeusi inayojaa kando ya reli. Wengi huitibu kwa grisi. Grisi hunasa vumbi, vumbi huganda, na baada ya muda mlango husukumwa na watu watatu, wawili wakiwa wapita njia. Reli husafishwa kwa ufagio, kila asubuhi. Grisi ni ya ndani ya gurudumu. Ardhi nayo ina zamu yake: baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliendelea kwa siku kadhaa. Nguzo ikihama upana wa kidole, mlango ulioteleza juzi hukwama leo.

Kuhusu wezi, kufuli kubwa huwafurahisha, maana humfanya mwenye mali alale usingizi mzito. Mwizi mzoefu haligusi. Huingiza nondo chini na kuunyanyua mlango kutoka kwenye reli. Hivyo nafasi ya juu iwe ndogo kuliko kina cha mfereji wa gurudumu, na kwenye nguzo ya kufungia kuwe na mfuko wa chuma unaoumeza ukingo wa mlango, juu na chini. Mwisho wa reli uchomelewe kizuizi kila upande. Hapa mzaha hauna nafasi: mlango wa chuma unaopita mwisho wa reli huanguka, na unaweza kuua mtoto aliyekuwa akiusukuma kwa mchezo.

Kazi ikiisha, mlango husukumwa kwa mguu kwenye kona ya chini, hunyanyuliwa kwa nondo, kisha hukimbizwa hadi mwisho wa reli huku watu wamesimama mbali. Majaribio haya yote hufanywa kabla ya kumlipa fundi. Baada ya malipo, simu yake haipatikani.