Kamera, Simtanki na Lenzi ya Marehemu

Nyumbani kwetu hapa Morogoro lenzi ilitangulia, kamera ikafuata miaka mingi baadaye. Lenzi yenyewe ni ya marehemu baba mkwe, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti Dar es Salaam enzi za filamu. Ni Nikkor ya milimita 300, tundu la f/4, ya toleo lililoanza kutoka mwaka 1987, nyeusi, ya chuma, yenye uzito wa kilo moja na theluthi. Kamera aliyoitumia nayo, Nikon F-801, ilikufa betri zilipovujia ndani. Lenzi ikabaki nzima, na aliyeiokoa ni mama mkwe. Wengi hufungia lenzi kwenye mkoba wa ngozi wakadhani wameitunza, kumbe ngozi hunywa unyevu, na unyevu huotesha kuvu kwenye vioo. Mama yeye kila kiangazi aliitoa kabatini, akaipangusa vumbi kwa kipande cha khanga kuukuu, akaiweka mezani penye hewa na mwanga. Aliyeuliza bei alijibiwa neno moja tu: "Hii haiuzwi. Ni ya atakayepiga."

Atakayepiga akaja kuwa mume wangu, mwanawe. Anafundisha biolojia sekondari, na kila Jumamosi alfajiri huenda Bwawa la Mindu kutazama ndege. Alikuwa akipiga kwa simu. Anarudi, anatuonyesha picha, tunaona maji, tunaona matete, na katikati kitone. "Huyo ni mdiria," anasema, nasi tunaitikia kwa heshima. Siku moja Mama alikitazama kitone kile kwa muda, akaenda kabatini, akarudi na lenzi. "Baba yako angekupa hii," akasema. "Tafuta kamera ya kuivaa."

Kikao kikakaliwa baada ya chakula cha usiku. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye kila wiki yuko njiani kati ya hapa na Kariakoo, akafungua mjadala. "Kaka, chukua sensa kubwa kabisa, ile ya kipimo cha filamu. Ndiyo ya wakubwa." Binti yetu wa kidato cha nne naye akataka kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, zinazolitambua jicho la ndege zenyewe na kuling'ang'ania. Mama akasema kamera yoyote, mradi iivae lenzi. Mimi ndiye mtunza bahasha, na bahasha ile ilikuwa na kazi yake: simtanki. Maji kwetu ni ya mgao, na familia ya watu watano haiwezi kuishi kwa ndoo. Nikatamka wazi kwamba kamera itanunuliwa kwa akiba ya baba watoto peke yake, bahasha isiguswe. Wote wakakubali.

Jioni hiyo mume wangu alitufundisha jambo ambalo sasa nalieleza mwenyewe kwa wageni. Sensa ya kipimo cha filamu ina milimita 36 kwa 24. Ile ya daraja linalofuata, inayoitwa APS-C, kwenye Nikon ina takriban 24 kwa 16. Lenzi ni ileile na ndege ni yuleyule kwa ukubwa juu ya sensa, ila sensa ndogo inakata pembeni, kwa hiyo ndege anachukua sehemu kubwa zaidi ya picha. Milimita 300 inaona kama 450. Kwa mpiga ndege hiyo ni faida, maana ndege hamngojei mtu asogee. Na ukichukua sensa kubwa ya megapikseli 24 kisha ukaipunguza picha mpaka ilingane na ile ndogo, unabaki na megapikseli kama 10. Sensa kubwa ina sifa zake gizani, na sensa ndogo huanza kutia picha chembechembe mapema zaidi usiku unapoingia. Ila kwa fedha tulizokuwa nazo na lenzi tuliyokuwa nayo, APS-C ilishinda.

Wiki iliyofuata shemeji akapiga simu kutoka Dar. Ameona Nikon D5300 ya mkononi, safi, megapikseli 24, nyepesi, kioo cha nyuma kinazunguka. Imetoka mwaka 2013 lakini haijachoka. "Na mdomo wake ni ule ule wa Nikon wa tangu 1959, shemeji. Lenzi ya mzee inaingia bila adapta." Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Fedha zikatumwa, na jioni akashuka na treni ya SGR, kamera kaipakata. Kuku akachinjwa. Mama akavaa khanga mpya.

Lenzi ikaingia, ikazunguka, ikalia *kli*. Kioo kikaandika fEE, alama ya kosa. Shemeji akashtuka, lakini Mama, ambaye hajawahi kumiliki kamera, akasema taratibu, "Mzee alikuwa akiifunga pete ya tundu kwenye namba ya mwisho." Pete ikafungwa kwenye 32, fEE ikatoweka, tukapiga vigelegele. Mume wangu akainua kamera, akaelekeza kwenye mwembe wa jirani, akabonyeza kitufe nusu.

Kimya. Lenzi haikusogea. Akabonyeza tena, akazima, akawasha, akatoa betri, akarudisha. Ukungu mtupu kwenye kijidirisha. Shemeji, kwa uchungu wa mtu aliyetumwa akaleta, akasema: "Basi lenzi imekufa. Imekaa kabatini mno."

Laiti angejua neno lile lingeangukia wapi. Mama aliweka sahani chini, akaingia chumbani, na kuku wake akapoa. Miaka yote ile ya kiangazi, kile kipande cha khanga, ile meza dirishani, yote yakawa yamehukumiwa kwa sentensi moja. Asubuhi alitusalimia, lakini hakukaa sebuleni. Nyumba ikagawanyika. Mume wangu hakutaka kuiona kamera, shemeji hakutaka kumwona mama yake, binti akawa mjumbe wa kupeleka chai. Fundi mmoja wa mjini akatazama kwa dakika chache, akasema mota ya lenzi imeungua, aachiwe aifungue. Mume wangu alikuwa tayari. Mama akatokea mlangoni, akaichukua lenzi mikononi mwake, akarudi nayo chumbani. Ninamshukuru Mungu kwa ukaidi ule, kwa sababu lenzi ile haina mota. Haijawahi kuwa nayo.

Aliyeligundua ni binti yetu. Alikuwa amekaa na bibi yake kitandani, lenzi mapajani, akaimulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya lenzi, kwenye bamba la chuma, kuna kitundu kidogo, na ndani yake kichwa cha msumari wa parafujo chenye mfereji, kinachongoja kuzungushwa. Akauliza, "Bibi, hiki kinazungushwa na nini?" Mama akainama chini ya kitanda, akavuta boksi, akatoa ile F-801 iliyokufa. Pembeni mwa mdomo wake kumechomoza kiulimi cha chuma, mfano wa ncha ya bisibisi. Wakaziunganisha. Kiulimi kikaingia kwenye mfereji barabara. Kisha wakaleta D5300, wakaimulika pale pale. Hapakuwa na kitu. Bamba laini, halina ulimi.

Ndiyo siri yote. Lenzi za Nikon za enzi zile zilisogezwa na mota iliyo ndani ya bodi, kwa kupitia ulimi ule. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, Nikon iliiondoa mota kwenye bodi zake ndogo ili ziwe nyepesi na nafuu, na D3000 na D5000 na ndugu zao wote wakafuata njia hiyo. Kwenye bodi hizo lenzi yenye mota yake inafanya kazi vizuri, na lenzi kongwe inakaa, inapima mwanga, inapiga, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Kamera haikuwa mbovu. Lenzi haikuwa mbovu. Vilikutanishwa viwili visivyohusiana.

Shemeji aliposimuliwa alikwenda moja kwa moja chumbani. Alipiga goti mbele ya mama yake. "Mama, nisamehe. Uliitunza vema." Mama akamwekea mkono kichwani, akaniita: "Mwanangu, kuna chakula?"

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza, na mara hii tulichagua tukiwa na macho. Binti akarudi na kamera zake zisizo na kioo. Tukatafuta. Adapta ya Nikon ya kuvalisha lenzi kongwe kwenye bodi hizo, FTZ, nayo haina mota wala ulimi, kwa hiyo ukimya ungekuwa ule ule kwa fedha nyingi zaidi. Canon ingetutaka tuanze na lenzi upya. Zikabaki bodi za Nikon za daraja la kati na juu, zenye mota ndani. D7000 ya 2010 ina megapikseli 16. D7100 ya 2013 ina 24, lakini ghala lake la ndani hujaa upesi: ukipiga mfululizo faili ghafi, takriban picha 6 tu inaanza kukwama. D7200 ya 2015 inafika takriban 18, kwa kasi ya picha 6 kwa sekunde. D500 ya 2016 ina kasi ya 10 na inazipita zote, ila bei yake nayo ilitupita.

Tofauti ya 6 na 18 inaweza kuonekana ya karatasini. Mtazame mdiria mweusi kwa mweupe pale Mindu. Hujisimamisha hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki, mdomo umeelekea chini. Hujui atajitupa lini. Kamera inayojaa kwa sekunde moja itakuwa inashusha mzigo wakati yeye anaingia majini. Sekunde tatu zinakupa mdiria, maji na samaki. Na mume wangu ana ndoto nyingine zaidi ya mdiria: chozi wa Loveridge, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Milima ya Uluguru. Huko juu msituni kuna giza la majani, na fokasi ya D7200 imeundwa ione katika mwanga hafifu kuliko ndugu zake waliotangulia. Tukaafikiana: D7200.

Muuzaji wa Dar alikubali kubadilishana, tuongeze fedha. Macho yote yakageukia bahasha. Nilisema hapana, na mume wangu alisema hapana kabla yangu. Simtanki likanunuliwa kwanza, likapandishwa kwenye mnara wake wa matofali, likajaa. Miezi ya kungoja aliitumia D5300 kwa mkono: anazungusha pete ya lenzi mpaka kidoa cha kijani kiwake chini kushoto ya kijidirisha, ndipo anabonyeza. Alipata korongo waliosimama na yangeyange wasio na haraka, na vidole vyake vikajifunza lenzi ile. Fedha ya kusahihisha mitihani ilipoingia, wakaenda Dar ndugu wawili, na safari hii lenzi ikaenda nao.

Walikagua kwa utulivu. Wakapiga ukuta mweupe kwa f/22 kutafuta madoa kwenye sensa. Wakasoma hesabu ya shata, ambayo Nikon huiandika ndani ya kila faili ya picha. Shata ya D7200 imepimwa na kiwanda kwa mapigo 150,000, na hii ilikuwa mbali na hapo. Wakajaribu nafasi zote mbili za memori kadi. Kisha wakavalisha lenzi ya mzee.

Jioni hiyo Mama alikuwa jikoni anachambua mchicha. Mume wangu akasimama uani, akaelekeza kamera kwenye ule mwembe, akabonyeza nusu. *Krrrk.* Lenzi hizi zina kelele, mota inauzungusha msumari na gia zote zinasikika. Mchicha ukabaki mikononi. "Ndiyo hiyo," Mama akasema. "Ndiyo ilivyokuwa ikilia." Akatoka, akaomba ilizwe tena, ikalizwa, tena na tena.

Picha za kwanza zilikuwa na ukungu kidogo: ukilenga jicho, unapata mdomo. Nalo lilikuwa na dawa, kwa kuwa D7200 inaruhusu fokasi kurekebishwa kwa kila lenzi, jambo ambalo D5300 haina. Tulilaza gazeti mezani kwa mshazari, kamera kwenye stendi, tukalenga mstari mmoja wa maandishi, tukatazama ni mstari upi unatoka mkali. Ulikuwa wa mbele yake. Tukaongeza kipimo kidogo kidogo, Mama akiwa msomaji wetu na miwani yake, mpaka mstari tuliolenga ndio uliosomeka.

Leo wazazi wa wanafunzi na walimu wenzake mume wangu wanakuja kuuliza wanunue kamera gani ya ndege na wanyama, na mimi ndiye ninayewajibu, kwa sababu nimeona gharama ya kuuliza nusu. Jiulize kwanza una lenzi gani au utaweza lenzi gani, kwa kuwa bodi utaibadilisha na lenzi utabaki nayo. Jiulize unapiga nini na wapi, kwenye mwanga wa bwawa au kiza cha msitu. Ndipo usome bodi ina mota au haina, ghala lake linabeba picha ngapi, inarekebishika au la. Nyumba iwe imetimiziwa haja zake, ili kamera isichukiwe na wanaokaa nayo. Na usilipe kabla bodi na lenzi havijafungwa pamoja palepale dukani, kitufe kikabonyezwa nusu, ukasikia mwenyewe.