Bia ya Kunusa Kwanza

Shemeji yangu anayeishi Chicago akija likizo Dar haleti viatu wala simu, mambo ya mashemeji wa watu. Safari hii alileta chupa moja ya bia. Alikuwa ameiviringishia suruali mbili za jinzi katikati ya begi, akaitoa mbele ya ukoo mzima kwa mikono miwili. Stauti, nyeusi tii, iliyolazwa kwenye mapipa ya wiski. Lebo ilitaja kahawa, kakao, vanila, mdalasini na pilipili kavu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kilevi asilimia 14. Bia zetu za kila siku zinacheza kwenye 5 hivi. Mke wangu, Mama Neema, aliisoma orodha yote kwa sauti, kisha akauliza nyama inatiwa saa ngapi.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa joto. Baa zetu zina swali moja tu: ya baridi au ya moto? Baba Mdogo, mwalimu mstaafu wa Kibosho, ni mtu wa ya moto, na hajawahi kuulizwa mara mbili. Shemeji akasema hii si ya baridi wala si ya moto. Inataka nyuzi 12 au 13, hapo ndipo harufu zinapojitokeza. Sasa nyuzi 13 Dar es Salaam, mwezi wa pili, unazitoa wapi? Friji ina nyuzi 4, sebule ina 32, na katikati hakuna kituo. Tukaiingiza, tukaitoa, tukawa tunaishika kwa zamu kama mtoto mwenye homa. Saa kumi jioni umeme ukakatika. Friji ikaanza kupoteza ubaridi taratibu, na Shemeji, peke yake katika mtaa mzima, akafurahi.

Kusubiri nako kulikuwa na somo lake. Tuliambiwa kwamba karne ya 18 watengenezaji wa London walikuwa wakipika stauti kali na kuisafirisha hadi jumba la kifalme la Urusi, enzi za Catherine. Na kwamba ni kule kule Chicago, miaka ya 1990, kiwanda cha Goose Island kilipoanza kuilaza kwenye mapipa yaliyotoka kutoa bourbon. Baba Mdogo akataka kujua kwa nini mapipa yaliyotumika. Shemeji akaeleza kuwa sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyobabuliwa ndani kwa moto, kwa hiyo yakishatumika mara moja, wenyewe wanayauza.

"Yaani mapipa ya mtumba," akasema Baba Mdogo.

"Baba Mdogo, si mtumba, ni…"

"Yametoka Marekani, yameshatumika, yanauzwa tena. Endelea, mwanangu."

Shemeji akahamia kwenye hamira. Alisema kwa fahari kwamba bia nyingi za namna hii hazipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu, kwa hiyo hamira inabaki hai ndani ya chupa. Hakutaja kwamba hamira iliyo hai ikikuta sukari iliyobaki, ikapigwa na joto la Dar, na ikatikiswa kwenye begi kutoka Chicago, hurudi kazini. Hilo, chupa ililieleza yenyewe. Kizibo kilipoachia tu, povu la rangi ya kahawia lilipanda hadi usawa wa feni iliyozimika, likashuka lote kwenye kochi, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma ambacho Mama Neema huwatandikia wageni wa heshima tu.

Sitaeleza dakika iliyofuata.

Theluthi mbili zilizosalimika tukazigawa kwenye glasi za juisi zenye maua. Shemeji akatukataza kunywa: kwanza kunusa, halafu kuzungusha, halafu kunusa tena. Mama Neema, ambaye hanywi, alinusa mara moja akasema kuna kitu kimeungua. Ikabidi Shemeji akubali kwamba ni kweli, shayiri huwa inakaangwa hadi ikaribie kuwa mkaa, ndiyo inayotoa weusi na uchungu ule. Nami nikasema nasikia kahawa. Lilikuwa jibu la usalama, limeandikwa kwenye lebo.

Funda lenyewe lilikuja kwa zamu. Ulianza utamu mzito wa sukari guru, ukapisha kahawa, kahawa ikapisha ule uchungu wa kuungua, na nilipodhani msafara umekwisha, pilipili ikaingia kooni, ikakaa. Nikaomba maji. Maji hayakusaidia kitu, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye pombe, na pombe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaniunguza. Mama Neema aliniletea maziwa bila kuniangalia usoni. Shemeji aliyakodolea macho yale maziwa kwa huzuni.

Baba Mdogo hakukohoa. Alikunywa, akafumba macho, akanywa tena. "Uchungu huu naujua," akasema. "Kwenye mbege sisi tunautoa kwenye gome la msesewe, hawa wameunguza nafaka. Na nzito, inashibisha. Wamejitahidi." Halafu akataka kujua kata ziko wapi, maana glasi inaipunja. Shemeji, aliyejiandaa kutetea harufu ya tumbaku, tende na ngozi kuukuu, hakuwa tena na mtu wa kubishana naye.

"Chupa hii shilingi ngapi?" akauliza mzee.

Shemeji alikwepa kidogo, kisha akataja dola 30. Baba Mdogo alifundisha hesabu miaka mingi. Akabadilisha dola kuwa shilingi kichwani, elfu sabini na kitu, akaitazama chupa tupu, halafu akaitazama theluthi iliyokosekana.

"Mama Neema! Hicho kitambaa kimekunywa elfu ishirini na tano. Usikifue kwanza!"

Kutoka uani tukasikia ndoo ikijazwa maji. Kilikuwa kimeshalowekwa kwenye sabuni ya unga.